Maswali ya wasomaji: Kusomea urubani, wapi na kwa shilingi ngapi?

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja: urubani. Wazazi wanauliza ada, vijana wanauliza njia. Kwa kuwa fani hii haikwepeki na vifupisho vyake, tuvitaje mapema. PPL ni leseni ya rubani binafsi, asiyelipwa. CPL ni ya rubani wa biashara, na ndiyo leseni ya kwanza inayomruhusu mtu kupokea mshahara kwa kurusha ndege. ATPL ni ya ngazi ya juu, ile ambayo nahodha wa ndege kubwa ya abiria lazima awe nayo. Kwa viwango vya kimataifa huhitaji saa 1,500 za kuruka na umri wa miaka 21. IR ni idhini ya kuruka kwa kutegemea vyombo, yaani ndani ya mawingu, pasipo kuona ardhi.

Mwanangu amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCM. Nimepata bei za shule mbili. Moja inasema CPL ni dola 34,000, nyingine dola 43,000. Je, nitakosea nikichagua ya kwanza? – Mama, Tanga

Mama, kwa karatasi hizo mbili peke yake bado huwezi kujua ipi ni nafuu. Inawezekana kabisa yenye bei ndogo ikakugharimu zaidi kufikia mwisho.

Shule nyingi hupanga ada kwa kiwango cha chini cha saa kinachotakiwa na sheria. Viwango vya kimataifa vinataka saa 40 kwa PPL na saa 200 kwa CPL (saa 150 kwa kozi ya mfululizo iliyoidhinishwa). Sasa, PPL ya saa 40 ni ya mwanafunzi anayeruka mara tatu au nne kwa wiki bila kukatizwa na mvua, ukosefu wa mwalimu, wala ndege kulala karakana. Wanafunzi wa kawaida huchukua saa 55, 60, hata zaidi. Kwa hiyo swali la kwanza la kuiuliza kila shule ni hili: wanafunzi wenu kumi wa mwisho walimaliza PPL kwa saa ngapi? Shule inayojiheshimu ina takwimu hizo.

Tukufanyie hesabu. Bei hizi ni za mfano tu, weka za shule zako: ndege ya injini moja pamoja na mwalimu dola 190 kwa saa, bila mwalimu dola 160, ndege ya injini mbili dola 420, na simuleta, yaani mtambo wa ardhini unaoiga kuruka, dola 90.

PPL ya saa 58, kati yake 12 akiwa peke yake: dola 10,660. Saa 88 za kuruka kama rubani mkuu bila mwalimu, ili zifike 100 zinazotakiwa kwa CPL: dola 14,080. Saa 25 za mafunzo ya usiku na ya CPL pamoja na mwalimu: dola 4,750. IR, saa 25 katika ndege na 20 katika simuleta: dola 6,550. Injini mbili, saa 15: dola 6,300. Jumla ni dola 42,340 kwa saa 211 za ndege na 20 za simuleta.

Hapo mtoto bado hajala wala hajalala. Kodi na chakula kwa miezi 18, tuseme dola 350 kwa mwezi, ni 6,300. Uchunguzi wa afya, ada za mitihani, vitabu, hedseti, ada za kutua, malipo ya mtahini na ndege ya siku ya mtihani tuviwekee 3,500. Ongeza akiba ya asilimia kumi ya gharama za kuruka kwa ajili ya masomo ya kurudia, 4,234. Sasa tumefika dola 56,374. Fanya hesabu hii kwa shule zote mbili ukitumia idadi ileile ya saa. Huenda shule ya dola 34,000 haikuhesabu injini mbili, wala IR, wala mafuta yanapopanda. Mambo hayo matatu ndiyo tunayoyaona yakiachwa mara nyingi.

Kisha uliza saa ya kulipia inaanza lini. Kuna ndege zenye mita inayohesabu tangu injini inapowaka. Katika uwanja wenye shughuli nyingi kama Wilson, Nairobi, mwanafunzi anaweza kutumia dakika kumi au kumi na tano kwenye foleni ya kuruka, na zote analipa. Muda huo unaandikwa kwenye daftari lake la saa za kuruka kama sehemu ya safari, ni kweli, lakini katika dakika hizo hajajifunza kutua. Katika uwanja mtulivu, saa moja hiyohiyo humpa zoezi lote.

Jambo la mwisho, na kwetu ndilo zito kuliko yote: idadi ya ndege zinazoruka, siyo zilizoegeshwa. Chukua shule yenye wanafunzi 60 na ndege nne nzima. Kila ndege ikiruka saa tano kwa siku, siku 24 kwa mwezi, jumla ni saa 480. Gawanya kwa 60: kila mwanafunzi anapata saa nane kwa mwezi. Saa 200 zitamchukua miezi 25, hata kama kipeperushi kinasema 14. Na ndege za mafunzo huingia karakana kila baada ya saa 50 na 100, kwa hiyo nne nzima kila siku ni matumaini mema. Mwanafunzi anayeruka mara mbili kwa wiki hutumia robo saa ya kwanza kukumbuka alichosahau. Hapo ndipo saa 40 zinapogeuka 65. Nenda uwanjani siku ya kazi, asubuhi, uhesabu ndege kwa macho yako.

Kipi bora, kusoma kwa mfululizo au kwa vipande? Nina kazi na ninaweza kulipa kidogo kidogo. – Msomaji, Nakuru

Kwa mwenye kazi, vipande. Kozi ya mfululizo inakupunguzia saa, 150 badala ya 200, lakini inakutaka uwepo kila siku na ulipe kwa ratiba ya shule. Ukikwama katikati, punguzo hilo linaweza kupotea, kwa sababu lilitolewa kwa kozi nzima.

Kwa vipande, ujue mahali pa kupumzika. Pumzika baada ya kupata PPL mkononi, au baada ya CPL, kamwe si katikati ya mafunzo. Anayesimama akiwa na saa 25 akarudi baada ya miezi sita hulipa tena karibu saa kumi kurudisha mkono. Mitihani ya nadharia nayo ina muda wake wa kuisha. Usikimbilie kuifanya yote kabla ya kujua pesa za kuruka zitatoka wapi.

Sehemu ambayo watu wa vipande hupoteza pesa nyingi ni zile saa za kuruka bila mwalimu. Kijana anakodi ndege, anazunguka juu ya uwanja ilimradi daftari lijae. Kumbe IR inadai saa 50 za safari za kutoka uwanja mmoja kwenda mwingine kama rubani mkuu, na CPL inadai saa 20 za namna hiyo, ikiwemo safari moja ya angalau kilomita 540 yenye kutua na kusimama kabisa katika viwanja viwili tofauti. Safari moja ya Wilson, Malindi, Mombasa na kurudi Wilson inavuka umbali huo kwa mbali. Kwa hiyo panga saa zako tangu mwanzo, safari moja itimize masharti mawili au matatu. Usiku pia: saa tano za usiku zenye kuruka na kutua mara tano kama rubani mkuu zinahitajika ili CPL yako ikuruhusu kufanya kazi gizani.

Tena, uliza ndege zao zinakunywa nini. Cessna 172 ya kawaida hutumia petroli ya ndege, avgasi, yapata lita 30 hadi 35 kwa saa. Mafuta hayo huagizwa kwa kiasi kidogo, ni ghali, na yakiadimika shule nzima inasimama. Diamond DA40 yenye injini ya dizeli hutumia mafuta yaleyale ya ndege za jeti, Jet A-1, na kwa saa hunywa machache kuliko Cessna hiyo. Bei ya kukodi inaweza isitofautiane sana, lakini siku avgasi inapokosekana utaiona tofauti.

Binti yangu amezaliwa na kusoma hapa Muscat, lakini sisi asili yetu Zanzibar. Nimshauri aende Marekani, Ulaya, au arudi Afrika Mashariki? – Baba, Muscat

Ndugu yetu, anza na mwisho: atafanya kazi wapi? Leseni ni ya nchi iliyoitoa. Saa alizoruka zinahesabika popote, ilimradi daftari limetiwa saini na mihuri inayotakiwa, lakini leseni yenyewe lazima ibadilishwe. Kubadilisha kwa kawaida maana yake ni barua ya uthibitisho kutoka mamlaka iliyoitoa, uchunguzi mpya wa afya, mtihani wa sheria za anga (mara nyingine na masomo mengine), na mtihani wa vitendo pamoja na mtahini. Tenga miezi kadhaa na dola elfu chache kwa kazi hiyo, na umwombee karatasi mapema, maana mamlaka mbili kuandikiana hakuendi kwa haraka ya mwanafunzi.

Ana uraia wa Oman? Kama anao, aulize kwanza nafasi za kadeti hukohuko. Mashirika ya Ghuba yanaposomesha makadeti kwa gharama zao, kwa kawaida huchukua raia wao. Nafasi hiyo ikipatikana, hakuna hesabu nyingine itakayoishinda.

Marekani ina ndege nyingi, hali ya hewa nzuri Arizona na Florida, na mtihani mmoja wa kuandika kwa kila leseni badala ya msururu wa masomo. Shule kubwa za huko hutaja dola 100,000 au zaidi kutoka sifuri hadi ualimu wa urubani. Sheria yao inataka saa 250 kwa CPL, au 190 katika shule zilizoidhinishwa chini ya kifungu cha 141. Mgeni anahitaji shule yenye ruhusa ya kumpa fomu ya I-20 (ya kuombea viza ya mwanafunzi), viza, na ukaguzi wa usalama kabla ya kugusa usukani. Hapa msome viza kwa makini. Viza ya M-1 inampa mwezi mmoja wa kufanya kazi kwa kila miezi minne aliyosoma, mwisho miezi sita. F-1, ambayo shule chache za urubani huitoa, inaweza kumpa hadi miezi 12. Tofauti hiyo ndiyo tofauti ya kurudi na saa 300 au kurudi na saa 800 alizolipwa kwa kufundisha. Asitegemee kubaki kwenye mashirika ya huko: baada ya ajali ya Colgan Air ya Februari 2009, kanuni ya mwaka 2013 ilifanya hata rubani msaidizi wa shirika la abiria ahitaji saa 1,500, isipokuwa wachache waliopunguziwa.

Ulaya ni ghali. Kozi ya mfululizo mara nyingi huvuka euro 80,000. Nadharia ni masomo 13 ya kiwango cha ATPL, kila moja kwa alama 75 kwa mia, na yote yamalizike ndani ya miezi 18 tangu mtihani wa kwanza. Faida yake ni kwamba leseni hiyo inaheshimiwa sana Ghuba. Lakini angalieni: Uingereza ilitoka katika mfumo wa leseni wa Umoja wa Ulaya tarehe 1 Januari 2021, na leseni ya Uingereza si leseni ya Umoja wa Ulaya tena. Shule ya London na shule ya Madrid hazimpi kitu kilekile.

Kama moyo wake uko Zanzibar na Dar es Salaam, maoni yetu ni kwamba asome Afrika Mashariki. Akisomea Tanzania yenyewe, atapata leseni ya nchi atakayofanyia kazi. Popote katika ukanda huu atajua viwanja vyenye joto na vilivyo juu, na atakutana uwanjani na watu watakaomwita siku nafasi ikitokea. Wilson iko futi zaidi ya 5,500 juu ya usawa wa bahari. Ndege ndogo yenye watu wawili na mafuta tele mchana wa Februari hupanda polepole mno pale, na rubani aliyejifunzia Florida, usawa wa bahari, hulazimika kuliona jambo hilo upya.

Chuo cha Soroti bado kipo? Nasikia pia EASA ya Nairobi. – Msomaji, Bukoba

Kipo. Kilianzishwa mwaka 1971 na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule, na jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 kikabaki mikononi mwa Uganda. Kinafundisha marubani na mafundi wa ndege, na anga yake haina foleni ya Wilson. Leseni utakayopata ni ya Uganda, kwa hiyo ukirudi Tanzania utaibadilisha kwa utaratibu tuliomweleza baba wa Muscat.

Kuhusu EASA, jihadhari na herufi. Nairobi, Embakasi, EASA ni chuo cha anga cha Afrika Mashariki, kinachojulikana kwa kufundisha waongozaji wa ndege na fani nyingine za ardhini. Cologne, Ujerumani, EASA ni mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya. Ukiona tangazo la "mafunzo ya EASA", uliza ipi.

Navaa miwani. Nimeshakosa? – Kijana, Kigoma

Hujakosa, kijana wetu. CPL inahitaji cheti cha afya cha daraja la kwanza. Macho yapimwe kila moja peke yake yafike 6/9, na yote mawili pamoja 6/6, kwa miwani au bila miwani. Ukiruka na miwani, sharti uwe na ya akiba. Kinachowakwamisha watu zaidi ni kutofautisha rangi, kwa hiyo pima hilo kwanza. Jaribio la vitabu vya nukta za rangi huchukua dakika chache. Kuna pia kipimo cha moyo, damu, mkojo, na usikivu.

Nenda kwa daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya anga, daktari wa kawaida hawezi kutoa cheti hiki. Na fanya hivyo kabla ya kulipa hata shilingi ya usajili shuleni. Familia zimeuza mashamba, kijana akafika saa 30 za kuruka, ndipo daraja la kwanza likakataliwa kwa tatizo ambalo lingeonekana siku ya kwanza. Umri chini ya miaka 40, cheti hicho hudumu miezi 12.

Shule inataka ada yote kwa mkupuo, inatoa punguzo la asilimia 8. – Mzazi, Morogoro

Msilipe. Shule za urubani duniani kote hufunga milango ghafla: ndege ni za mkopo, mafuta hupanda, bima hupanda. Ikifunga, mwenye ada iliyobaki husimama nyuma ya benki na mwenye ndege. Lipeni kwa hatua, au wekeni salio la saa kumi kumi. Kwenye mkataba yaandikwe haya: bei ya saa na muda itakaodumu, salio kurudishwa ndani ya siku ngapi, na nini hutokea ndege zikilala karakana zaidi ya mwezi. Bei ikiwa kwa dola na pesa yenu ni shilingi, andikeni pia itatumika bei ya benki ipi, ya siku ipi.

Kabla ya hapo, ombeni kuona cheti cha idhini ya mamlaka, na msome kiambatisho chake. Idhini hutolewa kozi kwa kozi. Shule inaweza kuwa halali kwa PPL na isiwe na ruhusa ya kufundisha IR.

Nimepata CPL, IR na injini mbili, saa 214. Nimetuma maombi kila mahali, kimya. Wakala ananiambia nilipe dola 28,000 za mafunzo ya Airbus A320, ndege kubwa ya abiria, ndipo nitapata kazi. – Msomaji, Mwanza

Subiri kwanza. Mafunzo ya aina ya ndege bila barua ya ajira ni kamari kubwa. Ukimaliza ukakaa mwaka bila kuigusa ndege hiyo, itabidi urudie simuleta kwa pesa yako, na shirika linalotafuta rubani wa A320 litamchagua aliye na saa 500 juu yake.

Sababu ya kimya hicho mara nyingi ni bima. Kampuni ya bima humwekea mwenye ndege idadi ya saa ambazo rubani wake lazima awe nazo, na kwa Cessna Caravan, ndege ndogo zinazobeba watalii kwenda Serengeti, Ruaha au Maasai Mara idadi hiyo huwa juu ya uliyonayo. Daraja la kuvukia ni ualimu. Kozi ya ualimu ni ghali, lakini ndiyo sehemu pekee katika safari hii ambapo unaanza kulipwa kwa kila saa badala ya kulipa. Mwalimu mwenye wanafunzi wa kutosha anaweza kupata saa 40 hadi 60 kwa mwezi. Njia nyingine ni kuingia kwa mwendeshaji wa Caravan kwa kazi ya ardhini, kupanga safari na mizigo, huku ukikaa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, pale ruhusa inapokuwepo. Wengi huajiriwa kwa kuwa wanafahamika, barua peke yake haitoshi.

Ukingoja, usiache cheti cha afya na IR kuisha. Kuhuisha IR iliyolala miaka miwili hugharimu saa kadhaa za ndege na mtihani mpya. Tenga saa mbili kila mwezi, hata za simuleta, na kila kituo ulichotuma maombi kipelekee idadi mpya ya saa zako kila baada ya miezi mitatu, ukieleza tarehe uliyoruka mara ya mwisho. Mwendeshaji akipungukiwa rubani ghafla, hutafuta kwanza mwenye karatasi zote hai wiki hiyohiyo.